Kava la Nane

Nyumbani
Jumapili, 14 Januari

Mwanangu mpenzi,

Natumaini karatasi hii itakukuta umeshiba na umevaa soksi mbili mbili, maana baridi ya huko naisikia mpaka kwenye sauti yako. Mimi mzima. Magoti ni yale yale, yanapanda ngazi kwa malalamiko, lakini yanapanda.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hatuongei, tunalia. Mara tatu umenipigia, mara tatu tumelia mpaka salio likakata, na hakuna aliyemuuliza mwenzake hata kama amekula. Kwenye barua nikilia nasubiri karatasi ikauke, halafu naendelea.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilijikaza kisabuni nikaingia chumbani kwa mdogo wako. Tangu atutoke mwezi wa Agosti nilikuwa naupita ule mlango kama mtu anayedaiwa. Nyaya zake zimeviringishwa vizuri ukutani, buti za kazi ziko chini ya kiti, na ile tochi iliyompa jina lake bado iko juu ya mto. Fundi umeme mzima, na gizani alikuwa halali bila tochi.

Chini ya kitanda nimekuta kasha la filamu zenu, zile za Walinzi wa Daraja. Makava manane yamepangwa, moja mpaka nane. Nyuma ya kila kava nililoligeuza Tochi ameandika kwa mwandiko wake wa sisimizi: "Na Dada", halafu tarehe mliyoitazama. Ya kwanza mlikuwa bado mnavaa sare za shule.

Unajua mimi filamu hizo nilizisikia kwa masikio tu. Ninyi mkishamaliza kutazama, yeye alikuwa anakuja jikoni, mimi nanyoosha nguo, yeye ananisimulia mwanzo mpaka mwisho huku anarukaruka mbele yangu. Na mimi swali langu lilikuwa moja: "Wamekula?" Akacheka, akasema, "Wamekula, Mama, wameshiba."

Basi nimekata shauri. Nitazitazama zote nane, kwa mpangilio, moja kila Jumapili mchana nikishaanika nguo. Mimi si mtu wa mambo hayo, unanijua, mtu akichomoa panga mimi nafumba macho. Lakini nimemfulia huyu mtoto, nimempikia, nimemuuguza, na kitu alichokipenda kuliko vyote sikijui. Nataka nikijue mpaka mwisho wake.

Leo nimeanza. Jirani yetu fundi viatu amekuja kunionyesha vitufe vya deki, akaniacha huku anacheka. Nimeelewa kwamba kuna daraja, kuna dada mkubwa na mdogo wake wa kiume, na mama yao amewakabidhi funguo za lango. Nimeelewa pia kwamba ile damu ni uongo mtupu. Miaka ishirini na miwili nafua mashuka ya hospitali. Damu ikikauka inageuka kahawia, yao inabaki nyekundu kama rangi ya kucha. Na mwanangu, hakuna anayekula! Saa mbili nzima watu wanakimbia, wanapigana, wanaogelea, na hakuna aliyetia hata tonge mdomoni. Kumbe Tochi alikuwa ananitilia chumvi.

Niandikie. Niambie na wewe unazikumbuka vipi.

Mama yako


Ijumaa, 2 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako imefika, nimeisoma nimesimama mlangoni na koti bado mwilini. Mimi sijambo. Soksi ni tatu tatu, sasa usiseme.

Kazi ni ile ile ya ghalani. Vifurushi vinakuja juu ya mkanda unaotembea, mimi nasoma anwani, navitupa kwenye makapu ya miji yake. Elfu moja na mia mbili kwa zamu, na msimamizi anatembea nyuma yetu na saa mkononi kama refa. Nikilala bado naona mkanda unapita.

Nimefurahi umeingia chumbani kwa Tochi. Na nimeogopa kidogo, sijui kwa nini nakwambia hivyo. Ukweli, Mama, mimi sikuwa shabiki wa zile filamu. Shabiki alikuwa yeye. Yeye alijua jina la kila farasi, mimi nilikuwa namuuliza, "Huyu ni mbaya au mzuri?" kila dakika kumi, mpaka ananizomea. Nilikuwa natazama kwa sababu yeye anatazama. Tulikuwa tunakaa kwenye lile godoro la chini, amejifunika shuka mpaka puani, na ikifika penye kutisha ananishika kidole kimoja. Kidole tu, mkono mzima aliona ni utoto.

Usiziharakishe, Mama. Moja kwa wiki ni mbio. Hata sisi tulikuwa tunarudia, ya kwanza tuliirudia mara nne. Irudie na wewe, kuna mambo mengi mtu hayaoni mara moja.

Msalimie fundi viatu, mwambie asikucheke, yeye mwenyewe rimoti alikuwa anaishika kichwa chini miguu juu.

Binti yako


Nyumbani
Alhamisi, 22 Februari

Mwanangu,

Hali yako? Mikono haijapasuka? Pakaa mafuta kabla ya kulala, vaa na soksi mikononi, asubuhi utanishukuru. Sisi dobi tunaijua dawa ya mikono.

Nirudie filamu? Niirudie ya nini, ninafanya mtihani? Nimeendelea. Ya pili, nisikudanganye, nilisinzia, nikaamka nikakuta watu wanagombania funguo. Lakini ya tatu! Mwanangu, kwa nini hukuniambia kuhusu ya tatu?

Yule mama yao anakufa maji. Anaingia mtoni kuwavusha watoto wa watu, na mto unamchukua, mkono juu. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Nikakaa nikimtazama vile alivyo, mkono juu, mpaka uji wangu ukapoa. Maana mimi niliambiwa amehamia kwa dada yake akatibiwe magoti!

Siku yenyewe naikumbuka. Nilikuwa nanyoosha sare zangu za kazi, nikamuuliza Tochi, "Na mama yao je, yuko wapi?" Akayatazama magoti yangu, akasema, "Amehamia kwa dada yake, Mama. Magoti. Huko kuna daktari mzuri." Na kuanzia siku hiyo kila ilipotoka filamu mpya nilimuuliza, "Mama yao magoti vipi?" na yeye bila kupepesa macho, "Anaendelea vizuri, anakusalimia." Miaka yote hiyo mama wa watu ameshakufa maji, mimi napokea salamu zake!

Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma. Halafu kicheko kikageuka, unajua kinavyogeuka.

Ya nne nimeitazama na daftari. Kila alichonisimulia naandika upande mmoja, kilichomo kwenye filamu naandika upande wa pili. Yule mzee kipofu hakupona macho. Yule farasi mweupe hakupatikana. Watoto wa kituo cha mpakani hawakurudishwa kwao. Mwanangu, mdogo wako alikuwa ananichujia dunia kama mtu anayechuja chai, mimi nakunywa, makapi anabaki nayo yeye.

Ndivyo alivyokuwa hata wodini. Figo zinamkataa, na yeye ananiuliza mimi kama nimepumzika. Nilishakwambia nilimshonea uzi wa buluu kwenye pembe ya shuka, ili lile shuka laini limrudie yeye kila nikilifua? Akawaambia wagonjwa wenzake kwamba ule uzi ni cheo, na wao waombe kwa uongozi.

Zimebaki nne. Sasa ninazitazama kwa uchu. Nataka nione mwisho aliokuwa nao kichwani ulikuwa upi.

Mama yako


Jumatatu, 11 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini magoti yameamka vizuri. Mimi naendelea, nimepakaa mafuta na kulala na soksi mikononi kama ulivyosema. Wenzangu wa chumbani wamecheka, sasa wote wanalala hivyo.

Ile ya mama kufa maji, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alikuficha. Siku hiyo alipotoka jikoni aliniambia, "Dada, nimemhamisha yule mama, usije ukanivuruga." Nikamwambia atakuja kuumbuka. Akasema, "Ataniumbua nani? Mama hatazami."

Mama, nina ombi. Ukifika ya saba, komea hapo. Ya saba ina mwisho mzuri tu. Ya nane watu wote wanasema wameiharibu, wametia mambo yasiyoeleweka, hata sauti yake mbovu. Utapoteza Jumapili yako bure. Ya saba inatosha.

Kazi nyingi, nitaandika kwa urefu siku nyingine.

Binti yako


Nyumbani
Jumamosi, 6 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama ya mtu anayeandika huku anaitwa. Kama unaumwa niambie.

Kukomea ya saba siwezi, na aliyekwambia ina mwisho mzuri hakuiona. Ile si mwisho, ile ni kumwacha mtu na mguu hewani! Maadui wako ng'ambo, chakula kimekwisha (kana kwamba walikuwa wanakila), na yule dada anavuka daraja kwenda kutafuta msaada. Mdogo wake anabaki peke yake na funguo. Anamwambia, "Lango silifungi mpaka urudi." Dada anaenda, hageuki nyuma. Mara maandishi yanapanda. Nilimpigia kelele yule dada, geuka japo mara moja! Fundi viatu alikuja mbio akidhani nimeanguka.

Sikungoja Jumapili. Nikachukua kava la nane pale pale, nikalifungua. Ndani hamna kitu.

Nikaligeuza. Nyuma ameandika kama kwenye mengine, "Na Dada. Tarehe:" na mbele ya tarehe hakuna kitu. Nikapekua kasha, nikapekua godoro, buti, mfuko wa vifaa vyake vya kazi. Nikamsumbua fundi viatu tukasogeza kabati. Hamna.

Jana nikitoka zamu nikapitia kwa yule wa duka la filamu, aliyekuwa anamuuzia. Nikamwambia mwanangu ya nane aliipoteza, nipe nyingine nijue mwisho. Yule bwana akavua kofia, akaniambia, "Mama, mwanao ya nane hakuwahi kuiona." Nikamwambia haiwezekani, yeye ndiye aliyekuwa akizisubiri kama mshahara. Akasema, "Nilimwambia mara ngapi, njoo nikuwekee hapa dukani utazame bure. Hata alipolazwa nilimfuata wodini na kimashine changu kidogo, nikamwambia itazame hapa hapa kitandani. Akakataa. Akaniambia, 'Mwisho wangu uko kwa Dada. Siku akirudi tutautazama wote.'"

Alitaka kunipa nyingine, nikaikataa. Sijui kwa nini. Nimeyarudia maneno hayo njia nzima mpaka nyumbani, nimeyarudia leo nikifua mashuka ya wodi mbili.

Mwanangu, maana yake nini, mwisho wake uko kwako? Kama hiyo diski unayo, niambie. Nilianza hizi filamu kwa ajili yangu, kujua alikuwa anapenda nini. Sasa nimejua kwamba mwanangu amekwenda bila kuujua mwisho. Nataka nimpelekee, hata ikiwa ni mimi kukaa pale kaburini na kumsimulia kwa mdomo wangu.

Nijibu ukweli.

Mama yako


Jumamosi, 27 Aprili

Shikamoo Mama,

Sijui nikuulize vipi hali yako katika barua hii. Nakuuliza tu. Mimi sijambo wa mwili.

Diski ninayo mimi. Niliichukua.

Siku moja kabla sijasafiri tulikubaliana tutaitazama saa tisa mchana. Tulikuwa tumeiweka makusudi kwa ajili ya siku hiyo, ili tumalize pamoja kabla sijaondoka. Nikafunga begi mapema, nikatandika lile godoro, nikamsubiri. Saa tisa ikapita, saa kumi, saa kumi na moja. Alikuwa ameitwa kuweka taa kwenye ukumbi wa watu, simu yake ikazima. Aliporudi jua limekwisha, ana vumbi mpaka kwenye kope. Nikamwambia, "Dada yako anasafiri, wewe unawafungia watu taa." Akasema, "Nenda tu, kwani umefungwa kamba?" Alikuwa amechoka, Mama. Sasa najua alikuwa amechoka tu, pengine na ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Wakati ule nilichosikia ni lile neno.

Alipoingia kuoga nikaitoa diski ndani ya kava, nikaitia ndani ya soksi, soksi ndani ya begi. Nikasema moyoni, utakoma. Mwisho utaujua siku utakayoniomba radhi. Asubuhi alinibebea begi mpaka kwenye gari, mimi nikampa kisogo. Sikugeuka hata mara moja.

Nilipofika huku akaniandikia kwenye simu, "Mwizi wewe." Nikamjibu, "Radhi kwanza." Akasema, "Siombi ng'o." Ukawa utani wetu, Mama, miaka mitatu. Kila sikukuu, kila mmoja akikumbuka: radhi kwanza, siombi ng'o. Nilijua anaweza kuipata popote, kila duka linayo. Nilidhani ameshaitazama kitambo, ananitania tu.

Mwezi wa Julai, yuko wodini, akaniandikia, "Dada, diski yangu iko salama?" Nikamjibu, "Iko salama. Radhi iko wapi?" Nilitaka acheke. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu, niko mapumzikoni ghalani, simu ikalia. Ameandika maneno mawili: "Radhi, Dada."

Mama, nilifurahi. Mungu anisamehe, niliruka kwa furaha pale kwenye makasha kwamba nimemshinda. Nikamwandikia, "Naituma wiki ijayo." Akajibu, "Usitume. Njoo nayo."

Nilikwenda kuomba ruhusa. Msimamizi akasema nikiondoka kabla ya mkataba kwisha, nisirudi. Mkataba ulikuwa unaisha Desemba. Nikajiambia, Desemba si mbali, atanisubiri. Alikuwa ananisubiri kwa kila kitu, tangu mdogo, nikadhani na hilo atalisubiri. Wewe ndiye uliyenipigia Agosti. Na Desemba ilipofika nikasaini mkataba mwingine, kwa sababu naiogopa ile nyumba, naliogopa lile godoro.

Niliposema ya nane ni mbaya nilikudanganya. Sijaitazama hata mara moja. Imekaa kwenye soksi ile ile.

Nimeifunga leo nikaipeleka posta mwenyewe. Mikono hii inapitisha vifurushi elfu moja na mia mbili kwa zamu, na hicho kimoja kimenichukua saa nzima, na kimechelewa miaka mitatu. Mimi sitaitazama, sistahili. Itazame wewe, umpelekee. Na ukiweza, siku moja, unisimulie.

Radhi, Mama.

Binti yako


Jumamosi, 15 Juni

Shikamoo Mama,

U mzima? Nauliza kweli, maana sijui.

Karatasi ya posta inasema kifurushi kilipokelewa tarehe 16 Mei, kimesainiwa. Saini yako naijua, ile yenye mkia. Nimepiga simu mara nne. Jana alipokea fundi viatu, akasema umelala. Saa tano asubuhi wewe hulali, Mama, wewe saa tano umeshaanika kamba mbili. Nilimsikia akiziba simu kwa mkono.

Nitukane. Niandikie matusi karatasi nzima, pande zote mbili, nitayasoma yote. Lakini niandikie.

Binti yako


Ijumaa, 9 Agosti

Mama,

Leo mwaka. Nimeomba zamu mbili ili nisikae chumbani. Kilipita kifurushi cha anwani ya mtaa wetu, mtu simjui, nikakishika mpaka mkanda ukasimama na msimamizi akaja kuuliza kulikoni.

Sitakusumbua tena mpaka uniandikie.

Binti yako


Nyumbani
Jumanne, 27 Agosti

Mwanangu,

Natumaini umekula. Kama hujala, weka barua hii chini, ule kwanza, ndipo usome. Mimi mzima. Nilimtuma fundi viatu akwambie uongo na yeye hajui kuusema vizuri, umeona mwenyewe.

Nilikukasirikia. Sikufichi, nilikukasirikia mpaka nikaogopa. Kila shuka nililofua tangu Mei nilikuwa nakufua wewe, nakupigapiga, nakukamua. Kifurushi chako nilikiweka juu ya kabati, sikukifungua. Nikasema, mtoto amelala na figo mbovu, anaomba radhi kwa kosa la kufanya kazi, na dada yake anarukaruka kwa furaha. Niliandika barua tatu. Nashukuru sikuzituma.

Zako mbili nilizisoma. Ile ya siku ya mwaka nimeisoma mara nyingi zaidi. Siku hiyo na mimi nilikuwa nimekaa kitandani kwake na tochi yake mkononi, ndipo nikalikumbuka jambo ambalo mwaka mzima nilikuwa nalipiga chenga. Nakwambia wewe, sijamwambia mtu.

Jioni ya mwisho nilimpitia wodini nikitoka zamu. Miguu ilikuwa imevimba, nilitaka kitanda changu tu. Akanishika kidole, kidole kimoja, akaniambia, "Mama, miaka yote nakusimulia mimi. Leo nisimulie wewe." Nikamwambia, "Kesho, mwanangu. Leo nimechoka." Akasema, "Sawa, Mama. Pumzika."

Kesho yake niliingia kazini saa kumi na mbili, kabla hakujapambazuka vizuri. Nikavuta kapu la kwanza la mashuka machafu. La juu kabisa lilikuwa na uzi wa buluu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kitu bado. Nimesimama pale na lile shuka mpaka muuguzi aliponifuata.

Nililifua mwenyewe. Nimelinunua kwa uongozi, liko kabatini.

Basi mimi nilimwambia kesho, wewe ulimwambia Desemba. Sioni nani kati yetu wa kumtupia mwenzake jiwe. Ulichomdai ameshakupa mwenyewe, radhi alikuomba yeye na wala hakuwa na kosa. Na mimi radhi uliyoniomba nimeshakupa. Lichukue hilo neno ulale nalo.

Jumapili iliyopita nilianika nguo, nikakifungua kifurushi. Nimekuta na ile soksi umeiweka, nimeifua. Nimetazama ya nane mpaka maandishi yalipokwisha kupanda. Sikubonyeza kusimamisha hata mara moja. Nimelia, na sababu yake sikwambii.

Halafu nikaenda kumsimulia. Nilikaa chini kabisa pale, magoti yakapiga kelele, nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho, kwa mtindo wake yeye. Uliniomba na wewe nikusimulie. Nakusimulia kama nilivyomsimulia, neno kwa neno. Usiitazame huko uliko wala usimuulize mtu. Akitokea wa kukwambia vingine, mwambie wewe umeambiwa na mama yako.

Kava la nane sijaliandika tarehe. Kalamu nimeiacha ndani ya kasha. Godoro nimelitoa juani.

Haya. Yule dada alikwenda mbali sana. Kila mji aliofika alikuta kazi inayomshika, na watu wanaomwambia ukiondoka usirudi. Akakaa. Lakini kila siku alikuwa analikumbuka lile daraja. Siku moja akaacha kila kitu pale pale kilipo, akaanza kurudi. Njia nzima anaomba, nimkute, nimkute tu.

Akafika. Lango li wazi, kama alivyoahidiwa. Na mdogo wake amekaa pale pale kwenye kiti chake, funguo mapajani. Amekonda kidogo. Mzima. Akainua macho akamwambia, "Umechelewa." Dada akaanguka miguuni kwake kumuomba radhi, na yeye akamwinua, akamwambia, "Acha hayo, Dada, nipishe nifunge lango, baridi inaingia."

Mama yao alikuwa amerudi kutoka kwa yule daktari, magoti yamepona kabisa, ndiye aliyepakua. Kisha wakakaa wote watatu, wakala, wakashiba.

Mama yako